Naombeni ushauri: barafu kilo 40 kwa siku kwa sola, mwaloni (ufukweni tunaposhushia samaki) hakuna umeme

Mwalo_Ukerewe: Wakuu, kikundi cha wavuvi wa sangara, Ukerewe, tunataka kugandisha kilo 40 za barafu kila siku. Tumeambiwa friza moja ya lita 300 inatosha kwa sababu kilo 40 zinaingia bila kubanana. Paneli ngapi? Betri ni lazima?

FundiBaridi: Mkuu, lita 300 ni nafasi tu, si nguvu ya kugandisha. Soma kibandiko cha nyuma, palipoandikwa kilo kwa saa 24. Nyingi za ukubwa huo ni kilo 12 hadi 18. Mkizijaza zote 40, asubuhi mtakuta ganda la barafu nje, maji katikati. Chukueni tatu za kilo 16.

Kilo moja ya maji ya nyuzi 28 inatolewa joto la kilojuli 117 mpaka kufika sifuri, kisha 334 nyingine ili igeuke barafu. Hapo kwenye sifuri kipimajoto kinabaki palepale masaa mengi na watu hudhani gesi imeisha. Msiguse kitu, ndiyo kazi yenyewe inafanyika.

Friza tatu za wastani wa wati 80 zinakula uniti 6 hivi kwa siku. Kwa jua kali la masaa 5 kwa siku na upotevu wa karibu theluthi, wekeni paneli 4 za wati 450.

JuaKali_Sola: Betri acheni, barafu yenyewe ndiyo akiba. Washeni mchana, usiku funikeni friza kwa blanketi.

FundiBaridi: Kwa kutunza barafu iliyokwisha ganda, sawa. Kwa kuzalisha, hapana: kile kipimo cha kilo kwa saa 24 ni cha mashine inayofanya kazi mchana na usiku kucha. Mkizima jioni mnapata nusu, labda mnunue friza sita. Betri ya lithiamu ya uniti 5 inabeba usiku. Ya asidi iwe na ujazo mara mbili, maana haitakiwi kushuka chini ya nusu.

Inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) iwe kilowati 3, ya mawimbi laini kama umeme wa gridi. Kompresa (pampu ya gesi ya friza) ikianza kuwaka huvuta umeme mara 5 hadi 7 ya kawaida. Kila friza iwe na friji gadi yake (kifaa cha kuchelewesha umeme kabla ya friza kuwaka): moja isubiri dakika 3, nyingine 5, nyingine 7. Zisiwake pamoja, na presha ya gesi ipate kusawazika. Kompresa ikilazimishwa kuwaka presha ikiwa bado haijasawazika, inakwama na kuungua.

Mwalo_Ukerewe: Asante sana mkuu. Tugandishie kwenye madumu ya lita 5?

Mama_Barafu: Hapana, ndugu. Unene ukiongezeka maradufu, muda unakaribia mara nne. Tumieni mifuko ya lita moja, ilazwe bapa, unene usizidi sentimita 5, igusane na kuta maana mabomba yamo humo. Msiirundike mpaka iwe imeganda. Theluji ya ukutani ikifika nusu sentimita, yeyusheni, ila msiikwangue kwa kisu: bomba likitoboka gesi yote inaondoka. Na samaki wapangwe kilo kwa kilo na barafu iliyopondwa, tabaka kwa tabaka, chini kabisa ianze barafu.