Nyumba mbovu za Mji Mkongwe wa Zanzibar: apewe mwekezaji, au zitengenezwe wenyewe tumo ndani?

MLETA MADA (Kiponda)

Assalaam alaykum. Masika haya mtaani kwetu dari ya ghorofa ya juu ya nyumba ya jirani ilishuka usiku. Alhamdulillahi hakufa mtu, chumba kile kilikuwa kimeshahamwa. Asubuhi yake barazani maneno yakawa yale yale: "Wapeni wawekezaji hizi nyumba, zitatengenezwa." Hilo ndilo nataka tulijadili.

Mimi nasema hapana, angalau si kwa namna inavyofanywa. Nyumba hizi haziuliwi na uzee, zinauliwa na kukosa mwenyewe wa paa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, familia zikagawiwa chumba chumba. Nyumba iliyokuwa ya ukoo mmoja ikawa na familia sita, na kodi yake ni ya kununulia mikate. Wa juu anavujiwa, anatega ndoo. Wa chini havujiwi, kwa nini achangie? Mwenye mali, iwe Serikali iwe wakfu, anasema kodi haitoshi hata boriti moja. Miaka inapita kwa ndoo, kisha dari inashuka, na hapo ndipo mwekezaji anapoipata nyumba kwa bei ya gofu.

UNESCO iliuandika mji huu kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, na ulikuwa na watu ndani. Nendeni Shangani leo alasiri mkawahesabu watoto wanaotoka chuo cha Kurani.

MWENYE NYUMBA YA WAGENI (Malindi)

Yakhe, maneno matamu, lakini nani alipe? Mimi nyumba yangu niliikuta njiwa wanalala ukumbini. Serikali yenyewe iliwahi kuziuza nyumba zake kwa watu binafsi, ikijua haiziwezi. Nimebadilisha boriti dari mbili, na boriti zenyewe ni za mikoko, ambayo siku hizi haikatwi ovyo, ukiipata unailipia. Nimeajiri vijana wa mtaa huu huu. Nyumba yenye wageni ina paa zima, kwa sababu mgeni akivujiwa harudi.

Na ile Mambo Msiige, lile jumba la zamani la Shangani, mnaisema sana tangu igeuzwe hoteli mwaka 2015. Ingebaki ofisi leo ingekuwaje?

MLETA MADA

Mambo Msiige ni mfano mbaya kwako, kaka. UNESCO ililalamika si kwa sababu jumba limetengenezwa, bali kwa jengo jipya lililoinuliwa pembeni yake. Ukarabati ulikuwa mlango tu wa kuingilia.

FUNDI MWASHI

Nyote wawili mmesahau choo.

Nyumba zetu za zamani vyoo vilikaa upande mmoja, kimoja juu ya chengine, maji yakishuka njia moja. Hoteli inataka choo na bafu kila chumba. Maji yanapita kuta zote nne, na mpira wa maji ukivuja ndani ya ukuta hujui mpaka rangi ivimbe. Ukuta wa jiwe la matumbawe na chokaa hunywa maji ukayatoa taratibu. Anakuja fundi wa haraka anapiga plasta ya saruji, maji yanakosa pa kutokea, yanabaki ndani. Kinachooza ni ncha ya boriti, pale ilipochomekwa ukutani, mahali macho hayafiki. Chini unaona chumba kizuri cheupe, juu boriti imeshika kwa kidole.

Na msiseme tatizo ni fedha tu. Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la 1883, lilikuwa linatengenezwa kwa fedha za Oman lilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Walikufa watu wawili. Mimi mwekezaji au mpangaji simjali, namuuliza: chokaa yako umeiloweka muda gani? Wengi hawajui hata kama hulowekwa.

MPANGAJI (Mkunazini)

Mleta mada, mwanangu, unatusemea vizuri na Mungu akulipe. Lakini hukuniuliza. Mimi nimeingia chumba hiki bi arusi, sasa nina wajukuu. Maji ya kupikia napandisha ngazi tatu na magoti haya. Tumeandika barua ofisi moja mpaka nimeacha kuhesabu, kila mara anakuja kijana anapiga picha ufa, anaondoka. Huo mji wa urithi, urithi wa nani? Leo nikipewa fleti ya chini Michenzani, au fedha za kueleweka nikajenge shamba, ndoo zangu nakuachia wewe.

MLETA MADA

Shikamoo bibi. Umenishika pabaya, nakiri. Nilidhani kila aliyemo anataka kubaki.

Basi napunguza maneno yangu. Anayetaka nyumba, awe mgeni awe mzalendo, kwanza akae na waliomo. Anayetaka kuondoka alipwe kabla kufuli halijabadilishwa, anayetaka kubaki apewe vyumba vyake humo humo, kwa maandishi. Paa litengenezwe kwanza, kabla ya rangi na kabla ya bafu. Na fundi achaguliwe na anayejua chokaa, si mwenye bei ya chini. Asiyekubali hayo asipewe kibali, hata gofu likae gofu mwaka mwengine.

Kaka wa Malindi, unasema uliikuta nyumba na njiwa. Njiwa walikuwa ukumbini. Vyumbani je?

MWENYE NYUMBA YA WAGENI (Malindi)

Vyumbani kulikuwa na familia nne. Niliwalipa, wallahi, risiti ninazo. Wawili walikwenda Fuoni, mmoja Mwanakwerekwe kwa dada yake.

Wa nne alikuwa mzee peke yake. Yule sikumuuliza anakwenda wapi.