Giaboksi mmeshusha, beringi ya klachi mkaacha ile ile! Nimechoka na ufundi wa namna hii

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Gari yangu ni foo-wili ya gia za mkono. Miezi minne iliyopita klachi ilianza kuteleza: unakanyaga mafuta, mshale wa mizunguko unapanda, mwendo uko pale pale. Nikaipeleka gereji na kusema wazi, wekeni seti nzima: pleti, presha (kifuniko chenye springi kinachoibana pleti) na beringi ya klachi (inayoisukuma presha ukikanyaga pedali). Nikalipia seti nzima. Juzi gari imegoma katikati ya mlima, harufu ya kuungua imejaa mpaka ndani, nikavutwa kwa kamba.

Leo fundi mwingine kaifungua, na mimi nilikuwa hapo hapo nikiangalia kila nati inayotoka.

Kwanza muelewe kazi yenyewe. Kwenye foo-wili ya namna hii huifikii klachi mpaka utoe propela shafti ya nyuma (chuma kirefu kinachopeleka nguvu kwenye magurudumu), utoe ya mbele, utoe fito za gia, ufungue mhimili unaobeba giaboksi, halafu uteremshe giaboksi na transifa yake (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma). Ule mzigo wa chuma unataka jeki maalumu na watu wanaojua wanachofanya. Yaani gharama kubwa ni jasho la kufika pale. Beringi yenyewe inaenea kiganjani. Sasa mtu atoe jasho lote hilo, afike, aiangalie beringi iliyochoka, halafu airudishie?

Maana ndicho nilichokikuta. Beringi ya zamani, nikaizungusha kwa mkono ikakwaruza kana kwamba imejaa mchanga. Flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo pleti hubanwa juu yake, haijaguswa kabisa. Ina mabaka ya bluu ya moto na vinyufa vidogo vidogo kama tope lililokauka. Flaiwili kama hiyo hupelekwa kwenye mashine ikachongwa kidogo uso uwe sawa, na kama nyufa zimezama inawekwa nyingine. (Zile za vipande viwili zenye springi ndani ni habari nyingine, nyingi hazichongwi, zikichoka ni kubadilisha.) Hawa waliibandikia pleti mpya juu ya uso ulioharibika.

Kilichoniuma zaidi ni oili sili ya nyuma ya krankshafti (mhimili mkuu wa injini). Iko nyuma ya flaiwili, ukishafika pale umeshaikaribia, na ni kampira tu. Wameiacha ya zamani, imekauka imekuwa ngumu kama ukucha. Oili imepita hapo ikarushwa mpaka kwenye pleti. Nilipitisha kidole juu ya pleti ya miezi minne, kikatoka cheusi na kinateleza. Pleti hushika kwa msuguano. Ikishakunywa oili hakuna kuosha, ni kutupa.

Na niliwaambia! Wiki ya pili niliona matone chini ya nyumba ya klachi, nikarudi kwao. Jibu: "Hilo ni jasho tu bosi, endesha." Jasho gani linaloacha dimbwi chini ya gari?

Juzi nimewapigia simu, wakanigeuzia kibao. Eti mimi ndiye ninayelalia klachi. Hapo ndipo nilipowaka kweli kweli. Mguu wangu hauishi juu ya pedali. Mlimani sishikilii gari kwa klachi, nashikilia kwa breki. Kwenye matope, kwenye mawe, au nikivuta tela sehemu mbaya, naingia lo (gia nzito ya foo-wili) kabla sijakwama, kwa sababu kwenye lo magurudumu yanazunguka taratibu na kwa nguvu, unaachia pedali mapema na pleti haisuguliwi muda mrefu. Na pleti iliyoharibiwa na dereva inaungua ikiwa kavu. Yangu imelowa oili! Ushahidi ninao kwenye gunia.

Nanyi mnaosoma, msikubali kuambiwa "tumebadilisha klachi" basi mkaondoka. Ulizeni: beringi ya klachi je? Ile beringi ndogo ya kwenye ncha ya krankshafti, kama gari yenu inayo? Oili sili? Flaiwili imepimwa? Dai spea za zamani urudi nazo nyumbani. Na kabla hata ya kukubali gari ishushwe, angalia kama shida ni masta silinda au slevu inavuja (pampu ya kwenye pedali na ile ya chini inayosukuma klachi). Pedali ikizama, au rivasi ikikwaruza kuingia, huenda klachi yenyewe ni nzima na kasoro iko kwenye mafuta. Yale ni mafuta ya breki, yanavuta unyevu hewani, kila miaka 2 yabadilishwe. Kuna watu wameshushiwa giaboksi bure kwa sababu ya kampira ka slevu.

Fundi wa leo ameshaagiza sili, beringi zote mbili, pleti na presha. Flaiwili iko kwenye mashine. Hatafunga kitu mpaka niwepo, na ameniahidi kukaza bolti za presha kwa kupishanisha, kidogo kidogo, siyo kumaliza upande mmoja ndipo ahamie mwingine.

Jumatatu nabeba gunia langu kwenda ile gereji ya kwanza. Nataka hela ya beringi niliyolipia na sikuwekewa, na hela ya ufundi yote. Risiti ninayo na imeandikwa "seti kamili". Kuna aliyewahi kurudishiwa pesa kwa kosa la namna hii? Ulianzia wapi, na walikubali kwa maneno tu au mpaka mlipofikishana mbele?