Flashi ya Babu

Kikundi: WAJUKUU WA NANSIO
Ijumaa jioni

Doto: Shikamooni wakubwa wote. Mwadila! Jumapili Mjomba anavuka kurudi Ukerewe, nataka nimpe flashi ya vichekesho ampelekee Babu. Kila mtu ataje anachotaka Babu akione. Ila mnajua masikio yake siku hizi. Kiwe kitu cha kuchekesha kwa macho.

Shangazi Kirumba: Marahaba mwanangu. Wazo zuri sana hili. Weka vichekesho vya Mzee Majuto. Nafasi ikibaki, ongeza Majuto.

Kulwa: 😂😂 Shangazi kafunga mjadala

Mjomba Nansio: Mhola duhu. Doto kasema kweli. Kabla sijavuka kuja huku nilikaa nao sebuleni. TV inaongea, Bibi anacheka, Babu anamgeukia, "Kasemaje?" Bibi anamrudishia kwa sauti ya kuita mtumbwi. Mpaka Babu aelewe, yule wa kwenye TV keshasema mengine matatu. Bibi akaniambia, mwanangu nimechoka kuwa mkalimani, na mimi nataka nicheke kwa raha zangu.

Mama Mkubwa Buhongwa: Jamani mama yangu 🤣🤣 Na bado hawezi kuangalia peke yake, lazima baba awepo.

Mjomba Nansio: Lazima. Babu akitoka nje anazima anamsubiri.

Baba Mdogo Igogo: Nyie watoto mnasema "cha macho" kama jambo dogo. Huyu mzee ndiye aliyekuwa mtu wa masikio kuliko wote kisiwani. Huku bara hatukuwa na televisheni kabisa mpaka 1994 ITV ilipoanza. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, tena ya rangi, sisi huku tuna redio. Pwagu na Pwaguzi ikikaribia pale Redio Tanzania Dar es Salaam, Babu anatoa redio nje, anaiweka kwenye kigoda, watu wanakaa chini. Wajanja wawili, sauti tupu, huwaoni sura, lakini kila mtu pale uani ana Pwagu wake kichwani. Kesho yake Babu anaigiza sauti zote mbili mwaloni na wavuvi wanaacha nyavu. Sasa mtu wa namna hiyo unamwambia acheke kwa macho tu. Inaniuma kidogo.

Shangazi Kirumba: Alikuwa anaigiza mpaka kikohozi.

Mama Mkubwa Buhongwa: Na sisi tukicheka mezani anasema "kuleni ugali, redio imezimwa" 😂

Doto: Baba Mdogo, na TV mliipata lini?

Baba Mdogo Igogo: Kwetu baadaye sana. Ya kwanza niliyoitazama ilikuwa ya jirani hapa Igogo, chogo, nyeusi na nyeupe. Mmoja yuko juu ya jiwe anazungusha mti wa antena, mwingine mlangoni anapaza sauti "rudisha! rudisha! hapohapo!" Akishuka tu, chenga zinarudi. Na mawe ya Mwanza haya, mtaa mmoja unapata picha safi, wa nyuma ya mlima wanaangalia theluji. Umeme ukikatika watu hawaondoki, wanakaa gizani wanasimuliana walichokiona.

Shem Kisumu: Habari zenu wakwe zangu. Mimi nachangia kutoka upande wetu wa ziwa. Kwetu ilikuwa KBC, televisheni ya taifa ya Kenya, na KBC ilikuwa Vitimbi. Mzee Ojwang na Mama Kayai. Suruali imepandishwa mpaka karibu na kifua, miwani, na yale macho akipatikana na kosa. Babu hata asiposikia ataona kwamba huyu mzee amedanganya na bibi yake amejua.

Kulwa: Shem, yule mzee si alikuwa Mjaluo?

Shem Kisumu: Hapo ndipo alituweza wote! Jina lake Benson Wanjau, Mkikuyu kabisa. Ile lafudhi ya Kijaluo alijifunza. Nyumbani kwetu watu wazima walikataa kuamini, wakasema huyo lazima mama yake ni wa huku. Alifariki Julai 2015, na Wajaluo walimlilia kama wao.

Baba Mdogo Igogo: Lakini shemeji, umeona? Nusu ya Ojwang iko kwenye lafudhi. Ukizima sauti umebaki na suruali.

Shem Kisumu: Kweli mkwe. Suruali nzuri lakini ni suruali.

Shangazi Kirumba: 🤣🤣🤣

Shem Kisumu: Na ile nyingine ya Waingereza, Mind Your Language, ya 1977 mpaka 1979, darasa la wageni wanajifunza Kiingereza London. KBC waliirudia mpaka tukaijua kwa moyo. Lakini ile ni maneno mwanzo mwisho. Babu msimpelekee, ataona tu watu wamekaa kwenye madawati.

Dada Nesi: Shikamooni. Nimetoka zamu sasa hivi, nimesoma yote. Niwaeleze kidogo, maana naona mnadhani tatizo ni sauti ndogo. Sikio la uzeeni linapoteza kwanza sauti nyembamba, s, f, t, sh. Babu anasikia kwamba mtu anaongea, ila maneno yanamfikia yamemomonyoka. Ndiyo maana Bibi akiongeza sauti ya TV haimsaidii, inamuumiza tu. Muziki wa nyuma unazidi kuharibu. Na vile vicheko vya watu wanavyobandika kwenye vichekesho ndiyo kabisa, vinafunika neno linalofuata. Mkiongea naye, kaeni mbele yake mwangani aone midomo, na msipige kelele. Halafu akija Mwanza nataka nimpeleke Bugando, kitengo cha masikio, pua na koo. Wamwangalie kwanza kama ni nta tu imeziba.

Mama Mkubwa Buhongwa: Asante mwanangu. Wabeja sana. Hilo la midomo sikulijua.

Mjomba Nansio: Na mimi nilikuwa namsemesha kwa nyuma ya kiti miaka yote.

Kulwa: Basi zamu yangu. Mr. Bean. Sikilizeni kwanza kabla hamjasema ni ya watoto. Ilianza Januari 1, 1990 kwenye ITV...

Mama Mkubwa Buhongwa: ITV ilianza 1994, Baba Mdogo kasema sasa hivi

Kulwa: ITV ya Uingereza, Mama Mkubwa, siyo ya Mikocheni 😅 Sasa kilichonifurahisha ni hiki. Rowan Atkinson alimjaribu huyo Bean mwaka 1987 kwenye tamasha la vichekesho kule Montreal, Kanada. Akaomba kwa makusudi awekwe kwenye onyesho la wanaosema Kifaransa, sio la Kiingereza. Alitaka kujua kama mtu asiyeshika neno lake hata moja atacheka. Wakacheka. Kwa hiyo kile kitu kimetengenezwa tangu mwanzo kwa mtu kama Babu. Ziko sehemu 15 tu, zote zinaingia. Na 2022 huyohuyo alitoa nyingine Netflix, mwanamume anapigana na nyuki mmoja ndani ya nyumba ya watu aliyoachiwa ailinde. Maneno machache sana. Babu aliyefuga nyuki ataielewa kuliko sisi.

Doto: Hiyo ya nyuki IMEPITA bila kupingwa.

Baba Mdogo Igogo: Imepita. Ila nisiione flashi nzima ni ya Wazungu.

Doto: Haitakuwa Baba Mdogo. Mimi namtetea Joti. Jaribuni leo, zimeni sauti kabisa mmtazame. Akiwa bibi kizee, ile namna anavyokaza kitenge, anavyochuchumaa kwa hatua tatu kabla hajakaa. Akiwa mwanafunzi, anavyovuta soksi. Nimezima sauti mchana huu nikacheka peke yangu hapa Nyakato mpaka jirani akachungulia. Wale walianzia EATV wakiitwa Ze Comedy, wakahamia TBC1 wakawa Orijino Komedi, na katika wote Joti ndiye ambaye mwili wake unatosha. Masanja, Mpoki, Wakuvanga, hao unawahitaji uwasikie.

Mama Mkubwa Buhongwa: Lakini baba alimpenda Masanja kwa sababu ya jina. Alikuwa anasema huyu kijana wa kwetu. Nikamwambia baba, huyo ni Emmanuel Mgaya, Masanja ni jina la kuigizia. Akasema mwenye jina la Kisukuma ni Msukuma, mpe ugali.

Mjomba Nansio: Na Futuhi mmeisahau? Nyie watu wa Mwanza mnaisahau Futuhi?

Shangazi Kirumba: Hapana! Hatujaisahau!

Mjomba Nansio: Futuhi ya Star TV, ya hapahapa Mwanza. Vichekesho vingine vyote vilitoka Dar au Nairobi, mtu wa kanda ya ziwa akitokea humo ni mshamba aliyefika stendi. Futuhi tukajiona sisi wenyewe, Kiswahili chetu, ubishi wetu. Brother K akianza, Nansio kwenye duka lenye TV hakuna aliyenunua kitu mpaka kiishe. Hii lazima iwemo. Hata kama Babu hasikii, iwemo kwa heshima.

Baba Mdogo Igogo: Naunga mkono kwa mikono miwili. Mtoto wa Mwanza ajue kwamba kicheko kilitengenezwa hapa.

Shangazi Kirumba: Sasa niacheni niseme kuhusu Majuto, maana mmenipita. Amri Athumani hakuhitaji maneno. Yule akinyamaza ndiyo unacheka. Kuna ule wakati ameambiwa jambo la aibu, anakaa kimya, mdomo unaning'inia, jicho moja linatafuta mlango. Yote yanatoka usoni. Na alipokuja na Sharo Milionea, mzee wa Tanga na kijana wa kujitingisha, ile tembea ya Sharo peke yake inatosha. Sharo tukampoteza Novemba 2012 kwa ajali pale Muheza, Majuto akafuata Agosti 8, 2018. Siku ya Majuto Babu alizima TV, akaniambia "huyu alinichekesha hata niliponuna." Wakati huo alikuwa anasikia bado. Ndiyo maana nasema weka Majuto, Doto. Siyo mzaha wangu.

Doto: Nimekuelewa Shangazi. Anakaa wa kwanza kwenye flashi.

Mama Mkubwa Buhongwa: Na Mzee Small, kamwili kadogo, mambo makubwa. Muweke.

Doto: Yupo.

Jumamosi asubuhi

Mama Mkubwa Buhongwa: Mwangaluka. Nimelala nikiwaza hili. Mnamtengenezea Babu vya zamani tu, lakini Bibi anataka Kitimtim yake ya Azam. Hiyo ndiyo ya sasa, hiyo ndiyo anayomsimulia jirani kesho yake. Na mimi na tamthilia yangu ya Jua Kali, sio kichekesho lakini mnielewe. Tusimfanye Babu aishi 2008 peke yake wakati mkewe yuko leo.

Dada Nesi: Mama Mkubwa umesema neno kubwa. Wazee wakiacha kusikia wanaanza kujitenga, wanaondoka sebuleni kwa sababu kila mtu anacheka wao hawajui kwa nini. Nakutana nao kazini kila wakati. Babu bado anakaa. Tumsaidie aendelee kukaa.

Doto: Watoto wa hapa mtaani ndio hawaangalii hata TV, wao ni Ndaro na Steve Mweusi kwenye simu. Vipande vifupi. Baadhi ni vya macho kabisa, mtu anakimbia, anaanguka, anapigwa kandambili. Nimechukua kadhaa vya kuonja.

Kulwa: Hapo kuna kitu kinanikera kweli. Ukifungua sinema ya Kikorea hapa Dar unakuta maandishi chini, tena kwa Kiswahili. Mimi vichekesho vya Kiswahili vyenye maandishi ya Kiswahili chini sijaviona. Wanafikiri kila anayejua Kiswahili anasikia. Taarifa ya habari angalau ina mkalimani wa lugha ya alama pembeni. Babu hajui lugha ya alama, ila kusoma anasoma, gazeti anamaliza mpaka matangazo ya vifo. Angeandikiwa tu lile neno alilosema Mpoki, angecheka sawasawa na Bibi, dakika ileile.

Baba Mdogo Igogo: Kulwa. Wewe si ndiyo kazi yako hiyo ya kukata video za harusi?

Kulwa: Ndiyo Baba Mdogo

Baba Mdogo Igogo: Basi?

Kulwa: ...Naandika. Naanza na kipande kimoja cha Futuhi na kimoja cha Orijino Komedi, leo hii. Nikimaliza namtumia Doto anakopi. Kitimtim nitaendelea nayo wiki ijayo, Mjomba ataipakua kwa bando lake.

Mjomba Nansio: Bando nitanunua, usiwe na shaka. Na vicheko vya kubandika punguza, Nesi kasema.

Dada Nesi: ❤️ Kipimo cha herufi, Kulwa, fanya kubwa kuliko unavyodhani. Weka utepe mweusi nyuma yake.

Shem Kisumu: Mkimaliza hayo, Vitimbi nitaandika mimi mwenyewe. Na lafudhi ya Ojwang nitaiandika vilevile anavyotamka, msinisahihishe.

Mama Mkubwa Buhongwa: Andika shemeji, andika! Babu ataisoma kwa sauti.

Shangazi Kirumba: Kulwa mwanangu, jambo moja. Usitoe maandishi kabla mtu hajafungua mdomo. Nimeona kwenye hizo za Kikorea, unasoma jibu wakati mtu bado anavuta pumzi, kichekesho kinakufa. Babu acheke pamoja na Bibi, asimtangulie.

Kulwa: Sawa Shangazi. Neno linatoka mdomo unapofunguka. Sentensi ya kuchekesha naikata vipande viwili, mwisho wake unakuja peke yake.

Shangazi Kirumba: Hapo sawa. Mjomba, kesho kabla hujaenda gati pitia hapa Kirumba, flashi na dagaa vitakuwa tayari.