Mama kapata kiharusi, anapaliwa kila akinywa maji, naomba ushauri

Habari zenu wakuu, mama kapooza upande wa kulia na maneno hayatoki vizuri, tunamuuguza nyumbani wiki ya 3 sasa. Kumgeuza kila masaa 2 tunajitahidi hata usiku, ila juzi nimeona wekundu kwenye kisigino ukibonyeza haupotei, naogopa sana kidonda. Kingine anapaliwa na maji, nesi alisema akae wima kabisa na abaki hivyo kama nusu saa baada ya kula, tunafanya lakini bado anakohoa, isije ikaingia kwenye mapafu. Waliouguza mgonjwa wa hivi au manesi mliopo, kisigino mlikiinuaje, na mpira wa puani wa kumlishia unahitajika lini?