Naomba ushauri: alama za vidole za mama hazisomeki, kitambulisho cha taifa kimekwama

Habari zenu ndugu, na shikamooni wakubwa. Naomba ushauri kuhusu mama yangu mzazi.

Usajili wa vitambulisho vya taifa unaendelea, na mama ana vielelezo vyote. Majina yanalingana herufi kwa herufi. Kinachokwamisha ni vidole. Amelima na kufua kwa mikono tangu ujana, hivyo ncha za vidole zimelainika, hasa dole gumba na kidole cha shahada. Hata ukivisogeza kwenye mwanga, mistari huioni. Mashine inakataa, karani anamwambia arudi siku nyingine. Tumejaribu kunawa maji ya vuguvugu, kufuta kioo cha mashine, hata kupaka mafuta usiku wake. Kimesomeka kidole kidogo cha kushoto tu.

Najua kwenye Aadhaar, mpango wa namba za utambulisho wa India, huchukuliwa vidole vyote 10 pamoja na mboni za macho, na ambaye alama zake hazipatikani ana utaratibu wake wa kusajiliwa. Kwa hiyo njia ipo. Inaniuma mama kurudishwa kwa sababu ya mikono iliyotulea.

Kwa waliopitia hili, au mnaofanya kazi ya usajili: nimwombe nini hasa msimamizi wa kituo, na je, ombi liwe kwa maandishi? Pili, akisajiliwa kwa kidole hicho kimoja na picha, atasumbuliwa baadaye akihakikiwa benki au kwenye laini ya simu?