Kupeleka tawi jipya la Git kwenye seva kwa mara ya kwanza

Muulizaji:
Ndugu wanajukwaa, natumia Git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya faili, na nimefungua tawi jipya (branch, yaani mkondo wa kazi ulio kando) kwenye kompyuta yangu kwa amri ya git switch -c marekebisho-ya-ankara na kuhifadhi mabadiliko kwa git commit, lakini nilipoandika git push, amri ya kupeleka kazi kwenye seva, peke yake, Git ilikataa ikisema kwamba tawi hilo halijaunganishwa na tawi lolote la mbali. Tawi kuu halina tatizo hilo. Kwa nini jipya likataliwe, na nilipeleke vipi ili wenzangu walione?

Mchangiaji wa kwanza:
Ndugu, andika git push -u origin marekebisho-ya-ankara. Origin ni jina ambalo Git huipa hifadhi (repository, mahali mradi unapotunzwa) uliyoinakili kwa git clone, na -u huiagiza ikumbuke kwamba tawi lako linakwenda sambamba na tawi la jina hilo kwenye seva. Kumbukumbu hiyo huandikwa katika faili la .git/config, ndiyo maana baadaye git push na git pull (ya kuvuta mabadiliko ya seva) hutosha zenyewe. Tawi kuu liliunganishwa pale uliponakili hifadhi, ilhali tawi jipya halijulikani nje ya kompyuta yako mpaka ulipeleke mwenyewe.

Mchangiaji wa pili:
Kwa majina marefu, git push -u origin HEAD hupeleka tawi ulilomo kwa jina lake lilelile. Tangu toleo la 2.37 la mwaka 2022, unaweza pia kuweka git config --global push.autoSetupRemote true, na muungano ukafanyika wenyewe. Hata hivyo, namshauri anayeanza kutumia -u kwanza, aone kinachounganishwa na nini.

Mchangiaji wa tatu:
Naomba kutoa tahadhari. Ukifungua tawi kwa git switch -c jina origin/main, kwa kawaida Git huliunganisha moja kwa moja na main, yaani tawi kuu, ya kwenye seva. Tangu toleo la 2.0 la mwaka 2014, git push hukataa majina yanapotofautiana, lakini aliyebadilisha mpangilio wa push.default, unaoamua git push ipeleke wapi, kuwa upstream (tawi lililounganishwa) atapeleka kazi yake ambayo haijakaguliwa moja kwa moja kwenye main. Ongeza --no-track, inayozuia muungano huo, unapofungua tawi la namna hiyo, kisha uhakiki kwa git branch -vv, inayoonyesha kila tawi limeunganishwa na lipi, kabla ya kupeleka chochote.

Muulizaji:
Nashukuru sana. Tawi limefika, na git branch -vv inaonyesha origin/marekebisho-ya-ankara.