Wenye pumu kutolewa damu kila kliniki: tiba au biashara?

Ngosha Mpole (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Dada yangu ana pumu tangu utotoni. Zahanati moja binafsi anakotibiwa wameanzisha utaratibu: kabla ya kumwona daktari anatolewa damu, FBP (hesabu ya seli za damu) na CRP, eti waangalie "uvimbe wa ndani". Hela ya vipimo inakaribia bei ya inhela. Hivi damu inapima pumu kweli, au tunapigwa?

Kitasa
Mnapigwa. Funga uzi.

Tabibu wa Kata
Kitasa punguza haraka. CRP ni protini inayotengenezwa na ini mwili ukiwa na uvimbe wowote. Nimonia, jino bovu, hata unene unaipandisha. Kwa pumu ya kawaida haikuambii kitu. FBP ni habari nyingine, mle ndani kuna eosinofili, aina ya seli nyeupe za damu. Zikifika 300 kwa maikrolita kwenda juu, mgonjwa yuko kwenye hatari zaidi ya kubanwa, na steroidi ya kuvuta, inhela ya kushusha uvimbe, humfaa zaidi. Ila kila kliniki? Hapana.

Kitasa
Nani kakwambia nina haraka? Nyie mkiulizwa bei mnajibu maikrolita.

Mvuvi Mstaafu
Tabibu umeruka minyoo. Huku ziwani kichocho kipo tele, mtoto anapimwa eosinofili ziko juu na kifua chake kizima kabisa. Halafu aliyekwisha kumeza predinisoloni, vile vidonge vya steroidi, zinashuka. Sasa hapo daktari anasoma nini?

Tabibu wa Kata
Kweli mzee, ndiyo maana namba moja haitoshi. Ulaya wanaitumia kuchagua nani apewe sindano za bei mbaya kama mepolizumab. Kwetu tatizo liko chini zaidi: watu wanaishi na ile inhela ya bluu tu, inafungua kifua, uvimbe unabaki palepale. Mwongozo wa GINA, wataalamu wa pumu wa kimataifa, tangu 2019 unakataa bluu peke yake. WHO wanasema mwaka huohuo wa 2019 watu 262 milioni walikuwa na pumu na 455,000 walikufa, wengi nchi za aina yetu. Dada apewe ya steroidi, apimwe pumzi kwa kupuliza. Na aache hayo maudi yenu ya kufukiza nyumba nzima.

Bi Mkubwa Tanga
"Maudi yenu"? Yenu na nani? Jiko la mkaa linawashwa ndani, dirisha limefungwa, mtoto amelala pembeni, hulioni. Unaona udi tu!

Kitasa
Nilijua. Uzi umeshaingia kwenye chetezo.

Mswahili Muscat
Huku Oman waliwahi kuwachunguza watoto wa shule. Kama sikosei walikuta bakhuri, huo huo udi wa kufukiza, inawachokoza wenye pumu, ila haiongezi idadi ya wanaougua.

Bi Mkubwa Tanga
Umesikia, Tabibu? Hauleti pumu.

Tabibu wa Kata
Soma na nusu ya kwanza, mama. Dada wa mleta mada tayari anayo.

Bi Mkubwa Tanga
Mimi si mama yako. Bi harusi afukizwe nini sasa, mwarobaini?

Mvuvi Mstaafu
Huyu kakasirishwa na neno "yenu" tu. Mkaa nao ni kweli lakini, moshi ni moshi.

Kitasa
Mzee kageuka mwanasiasa.

Ngosha Mpole
Wakuu, kliniki ni kesho. Atoe damu au asitoe?

Tabibu wa Kata
Awaulize majibu ya damu yatabadilisha dawa gani. Wakikosa jibu, hela hiyo akanunulie inhela ya steroidi.

Bi Mkubwa Tanga
Kwanza sema anapikia nini.

Ngosha Mpole
Gesi.

Bi Mkubwa Tanga
Na nguo anafukiza?

Ngosha Mpole
Kila Ijumaa.

Kitasa
😂😂 Tabibu, ubani nao umo au ni udi tu?